Ini Sikupewa

Jamani, mwenzenu nimekula sili. Yule mnyama wa baharini mwenye masharubu na macho ya huruma, ndiye huyo huyo. Nimemla akiwa amechemshwa na vitunguu, nimemla mbichi akiwa ameganda, na kipande kimoja nimekila kabla hakijapoa joto lake mwenyewe. Wale mnaonijua, mnaojua kwamba mimi ndiye ninayerudisha mishikaki kwa mchomaji mara tatu eti bado ina damu, chekeni tu. Nimekaa na kisa hiki muda mrefu bila kujua kama nikiweke kwenye ukurasa huu, maana kinagusa mambo ya chumbani kwangu.

Iko hivi. Mume wangu ni mhasibu. Tulifunga ndoa 2018, 2021 akaenda Kanada kusoma, na alipomaliza akapata kazi ya mkataba kwenye mji unaoitwa Iqaluit. Miaka miwili tu, akasema. Pesa ilikuwa nzuri, nyumba yetu ya Goba ilikuwa imeishia kwenye linta, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa kiti hiki cha uhariri. Tukakubaliana: yeye kule, mimi huku, simu kila usiku. Wengi wenu mnaishi hivyo, na mnajua jinsi simu ya kila usiku inavyogeuka kuwa ya kila siku ya tatu.

Februari 2025 nikachukua likizo ya wiki tatu nikamfuata. Iqaluit ni makao makuu ya Nunavut, eneo la kaskazini ya Kanada lililopewa utawala wake tarehe 1 Aprili 1999, na jina la mji maana yake ni mahali penye samaki wengi. Hakuna barabara inayoingia kutoka mji mwingine wowote. Unafika kwa ndege, kama saa tatu kutoka Ottawa, na mizigo mikubwa inasubiri kiangazi, barafu ya baharini iyeyuke, meli zipite. Mti wa kukaa kivulini hakuna. Siku niliyoshuka ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Sijui niwaelezeje. Vinyweleo vya ndani ya pua viliganda nikahisi nimevuta sindano.

Na wenyeji wake ni Inuit. Shuleni tulifundishwa kuwaita Waeskimo, na picha ya nyumba ya barafu ukurasa wa pili. Futa neno hilo kichwani, kule wengi wanalihesabu kuwa tusi. Wanajiita Inuit, yaani watu, na mmoja wao ni Inuk. Nyumba zao leo ni za mbao, zimenyanyuliwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, na nyingine zinaletewa maji na maboza kama sisi wa Goba. Nilipoliona boza linarudi kinyumenyume kwenye theluji nilijisikia nyumbani kabisa, kwa dakika kama mbili hivi.

Sasa begi langu. Nilibeba unga wa sembe, tui la nazi la unga, binzari, pilipili, na dagaa wa Kigoma mfuko mzima, maana mimi ni mtoto wa Ujiji na dagaa kwangu ni kama pasipoti. Nilijua naenda kumwokoa mtu. Kwenye simu alikuwa amekonda, au basi mimi nilitaka awe amekonda.

Usiku wa kwanza nikasonga ugali. Akala, akashukuru, akalala. Siku ya pili nikaamka mchana, usingizi wa safari umenivuruga, nikatoka chumbani. Namkuta mume wangu amechuchumaa sebuleni. Mbele yake amekunjua boksi la maboksi yale ya dukani, juu ya boksi kuna pande la nyama jekundu limeganda kama jiwe, na yeye analikwangua kwa kisu, anachovya kipande kwenye sosi ya soya, anakula. Nyama mbichi. Peke yake, kwa raha zake.

"Mke wangu, umeamka? Njoo uonje."

"Nionje nini? Mimi fisi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki hapa, mojawapo likiwa kwamba nimeolewa na mtu wa Machame na sio na mnyama. Naye akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulinikera zaidi, kwamba huyo mtu wa Machame amekua akinywa kisusio, supu ya mbuzi yenye damu yake, na mimi mwenyewe niliinywa siku ya kutambulishwa kwao nikasifia. Kweli niliinywa. Lakini ile ilikuwa imepikwa, na nilikuwa nataka kuolewa.

Ile nyama ilikuwa ya karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu. Kuipata pale siku hizi si rahisi: kwenye kisiwa chao cha Baffin karibuu walipungua mpaka serikali ikasimamisha kuwawinda kabisa Januari 2015, na baadaye ikaruhusu idadi ndogo tu kwa mwaka. Ile pande ilitoka kwa jirani. Mume wangu alikuwa amepewa zawadi ya heshima, na mke wake ameiita chakula cha fisi. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilirudi chumbani nikafunga mlango.

Sasa niseme jambo lenyewe, maana nyama haikuwa ugomvi wetu. Mei 2023 mimba yangu ya wiki kumi na moja iliharibika, mimi nikiwa Dar, yeye akiwa kule. Nilimpigia kutoka hospitali. Mtandao ukakatika mara mbili. Akasema, "Pole mke wangu, Mungu atatupa mwingine," akauliza nimekula nini, na tangu siku hiyo hatukuwahi kulizungumza tena. Hata mara moja. Tuliongea nondo, saruji, ada ya shule ya mdogo wake. Na mimi nilipanda ndege tatu na mfuko wa dagaa kwenda kuona kama bado nina mume, nikakuta ana maisha mengine, ana meno mengine.

Jirani mwenyewe ni mama wa makamo ya bibi. Mume wangu alikuwa anamwita Bibi kwa Kiswahili, na yeye akaitika kana kwamba ndilo jina lake. Alikuja siku ya nne na samaki mkavu: ule wa nyama ya rangi ya chungwa, amepasuliwa, amechanjwa mistari, amekaushwa kwa upepo na jua la kiangazi. Wanamwita pitsi. Nikanusa. Nikanusa tena. Jamani, ni kwetu Ujiji, dagaa wameanikwa, jioni! Nikaenda kabatini nikamletea mfuko wangu. Akachukua dagaa mmoja, akamwangalia machoni, akamtafuna na kichwa chake. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Mnawakausha kwenye nini?" Nikamwambia kwenye mchanga, au kwenye vichanja. Akatikisa kichwa kama fundi anayesikia habari za fundi mwenzake.

Kuanzia hapo nikawa nashinda jikoni kwake. Nilikuwa na swali moja tu, lile ambalo nadhani na wewe unalo: kwa nini mbichi? Watu wanaishi kwenye barafu, si ndio wangepika kuliko wote?

Akanionyesha taa. Inaitwa qulliq, ni jiwe laini lililochongwa umbo la nusu mwezi, kina chake kama cha sahani. Mafuta yake ni ya sili, utambi wake ni sufi ya mmea wa kule unaofanana na pamba. Kabla ya majiko, alisema, taa hii ndiyo ilikuwa mwanga, ndiyo moto, ndiyo kamba ya kuanikia nguo, ndiyo ya kuyeyushia barafu upate maji ya kunywa, na ndiyo jiko, na chungu cha jiwe hilo hilo kinaning'inia juu yake. Mwenye kuitunza ni mwanamke. Sasa piga hesabu. Kuni hakuna. Kila tone la mafuta ni sili ambaye mtu alisimama kwenye tundu la barafu kumsubiri, pengine siku nzima. Huwezi kuchemsha nyama kwa saa tatu kwa sababu tu mgeni hapendi damu.

Halafu kuna jambo ambalo daktari ndiye angelieleza vizuri zaidi. Kule matunda na mboga ni vya msimu mfupi, vibuni vichache vya ardhini na mwani. Vitamini C wanaipata kwenye nyama mbichi, kwenye ini, na hasa kwenye maktaaq, ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Ukipika sana, moto unaiua. Msafara wa John Franklin ulitoka Uingereza 1845 na meli mbili zilizojaa makopo na nyama ya chumvi, ukapotelea kaskazini na watu wake wote 129, kwenye nchi ile ile ambako kina mama wa Inuit walikuwa wananyonyesha na kulea. Meli zenyewe zilipatikana 2014 na 2016, na katika kuzitafuta, masimulizi ya wazee wa Inuit yalisaidia sana.

Maktaaq niliionja wiki ya pili. Unaikata vipande vidogo vidogo, la sivyo utatafuna mpaka kesho. Inakwaruza kidogo kwenye meno kama nazi, halafu mafuta yanatoka na utamu kama wa karanga mbichi. Nilirudia. Nyama iliyoganda, wanayoiita quaq, nayo nikaikubali: ukiikwangua nyembamba inayeyuka ulimini kabla ubongo haujapata nafasi ya kulalamika. Kitu ambacho sikukiweza ni igunaq. Hiyo ni nyama ya yule mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno mawili marefu, inashonwa ndani ya ngozi yake, inafukiwa chini ya kokoto miezi mingi mpaka ijiozee kwa adabu. Asiyejua kuitengeneza anaweza kuua watu kwa sumu yake, hivyo inaachiwa wanaojua. Harufu yake... basi tuendelee.

Usidhani pia kwamba kila mtu kule anakula hivi kila siku. Supamaketi zipo, na chipsi zipo, na kila kitu kimepanda ndege. Nilishika nanasi moja, nikaibadilisha bei kwa shilingi kichwani, nikalirudisha taratibu kama nimeshika mtoto wa watu. Utafiti wa afya uliofanywa kati ya Inuit miaka ya 2007 na 2008 ulikuta karibu watoto saba katika kila kumi wa umri wa chekechea huko Nunavut wanaishi kwenye nyumba zisizo na uhakika wa chakula. Kuwinda nako kunataka pikipiki ya theluji, petroli, risasi. Zamani ngozi za sili zililipia vitu hivyo, mpaka Ulaya ilipopiga marufuku ngozi za watoto wa sili 1983 na bei ya ngozi zote ikaporomoka. Mwaka 2009 ikaja marufuku pana zaidi. Inuit waliwekewa nafasi yao kwenye sheria, lakini mnunuzi akishatishwa hasomi vifungu. Bibi alilisema hili bila kupandisha sauti, huku anakata.

Na kukata kwake! Kisu chao, ulu, kina makali ya mviringo na mpini juu, kama mwezi mchanga uliopinduliwa. Ni kisu cha mwanamke. Anauma ncha ya pande la nyama, anashika upande wa pili kwa mkono, halafu anakata kwa kupandisha, sentimita moja kutoka midomoni. Nilifumba macho kila mara.

Siku nne kabla sijaondoka, mjukuu wake alirudi na sili. Alimpata kwenye ukingo wa barafu, mahali bahari iliyoganda inapokutana na maji. Wazee wengine kabla ya kumkata humtilia sili maji matamu mdomoni, kwa sababu ameishi kwenye chumvi na amekuja na kiu. Bibi alinieleza hivyo, nikajikuta nameza mate.

Maboksi yakatandikwa sakafuni jikoni. Sili akalazwa. Bila kuitana kwa kelele watu wakaanza kuingia: majirani, mwanamke na kichanga ndani ya kofia ya koti lake, vijana wawili na mzee mmoja ambaye alikaa tu. Viatu mlangoni. Kila mmoja akachuchumaa kuzunguka maboksi, mkono wazi. Ungeweka mkeka na sinia la pilau ningesema niko kwenye arusi.

Mume wangu akaninong'oneza kwamba hapo hakuna anayelipa. Kijana anayeua sili wake wa kwanza hugawa wote. Na huko upande wa magharibi zaidi, kwa Inuit wa Netsilik, zamani kila mwindaji alikuwa na wenzake maalumu wa kugawana sili, wamepangiwa tangu utotoni na mama zao, kila mmoja na kiungo chake, na waliitana kwa jina la kiungo hicho. Mtu mzima anamwita rafiki yake "paja langu". Nikamwambia ni kama kwao Machame mbuzi akichinjwa, huyu kidari, huyu mgongo, na ole wako ukikosea. Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tunanong'onezana tangu nifike.

Bibi akapasua tumbo. Mvuke ukapanda. Nyama ya sili ni nyeusi, ina damu nyingi, inanukia chuma na bahari. Akatoa ini, akalikata vipande, akaweka kila kipande pamoja na kijipande cha mafuta, akaanza kugawa. Kwa mzee. Kwa vijana. Kwa mume wangu, akalila likiwa bado linatoa moshi. Nikajitayarisha. Nilikuwa nimeamua jamani, nimejikaza, mkono umenyooka.

Bibi akauangalia mkono wangu, akanipita.

Nikadhani ni yale maneno ya fisi, kwamba mume wangu alimsimulia. Masikio yakanipata moto. Halafu akanirudia na kipande cha nyama na mafuta, akanisogelea, akaniuliza taratibu: "Una mtoto tumboni? Au mnatafuta?"

Maana yake ilikuwa hii. Tangu 2012 wataalamu wa afya wa Nunavut wanawashauri wanawake wajawazito, na wale wanaotarajia kushika mimba, wasile ini la sili huyu. Nyama ni nzuri, mafuta ni mazuri, ini hapana, kwa sababu zebaki hujilimbikiza humo, na zebaki inaharibu ubongo wa mtoto angali tumboni. Kule hakuna anayeitengeneza. Inatoka kwenye moshi wa makaa ya mawe ya nchi za mbali, inapeperushwa, inaangukia baharini, inaingia kwa samaki, kisha kwa sili. Na siyo makaa tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilitaja uchimbaji mdogo wa dhahabu kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote vinavyotokana na binadamu. Wachimbaji wadogo, zebaki kwenye karai, kama Geita. Haya niliyasoma baadaye usiku, nikaitazama pete yangu ya ndoa kwa muda.

Lakini pale jikoni nilikuwa sijui lolote. Nilisikia swali tu. Nikamwangalia mume wangu naye akaniangalia, midomo yake ina damu ya ini, na hakuna kati yetu aliyejibu. Bibi akasubiri. Watu wale wana namna ya kusubiri ambayo sisi hatuna. Hakujaza ukimya kwa maneno. Mwisho mume wangu akasema, kwa Kiingereza, sauti imekauka: "Tulikuwa naye mmoja. Tulimpoteza."

Tulikuwa. Tulimpoteza. Miezi ishirini na moja nilikuwa nimeamini kwamba nilimpoteza peke yangu.

Bibi akatikisa kichwa, akaniwekea nyama mkononi, akaendelea kugawa. Nikala. Ilikuwa na uvuguvugu, laini, ina ladha kama ulimi ukijing'ata. Machozi yalikuwa yanatoka na hakuna aliyenishangaa.

Usiku ule tuliongea mpaka saa tisa. Aliniambia kwamba siku ile niliyompigia kutoka hospitali alitoka ofisini akatembea mpaka ufukweni bila kofia, na Bibi, ambaye alikuwa hajamfahamu vizuri, alimkuta njiani akamwingiza kwake, akamlisha supu ya sili na mkate wao wa kukaanga. Hakumuuliza kitu. Kesho yake akamletea tena. "Ndiyo maana nakula, mke wangu," akaniambia. "Siyo kwamba nimesahau kwetu." Nikamuuliza mbona hakuniambia mimi. Akasema alidhani akilia kwenye simu nitazidi kuumia. Nami nikamwambia nilidhani hakulia. Tukapashiana mengine pia, yakiwemo ya mdogo wake na ile saruji, msije mkafikiri tuligeuka malaika.

Mkataba wake bado tunauvutana. Mimi nataka arudi, yeye anataka mwaka mmoja zaidi, paa linahitaji bati. Tumepanga kumwona daktari tukiwa pamoja, wote wawili kwenye viti, na siyo mmoja kwenye spika ya simu.

Dagaa niliwaacha kwa Bibi. Wiki iliyopita mume wangu amenitumia picha: bakuli la misiraq, mafuta ya sili yaliyochachushwa ambayo wao huchovyea nyama, na pembeni yake dagaa wa Kigoma wamepangwa mstari, vichwa vyote upande mmoja. Ujumbe wa Bibi ni kwamba wamebaki wachache, na kwamba wale wadogo zaidi ndio watamu.